Manowari iliyojengwa isihitaji bandari

Ukibahatika kufika Mombasa, msomaji, usikimbilie ufuoni kabla hujaingia Fort Jesus. Humo ngomeni mna mizinga miwili ya meli ambayo huenda ukaipita ukidhani ni masalio ya Wareno. Sivyo. Mmoja ulitoka katika manowari ya Ujerumani iliyoitwa Königsberg. Wa pili ulitoka katika manowari ya Uingereza, Pegasus, ambayo hiyo Königsberg iliishambulia na kuizamisha bandarini Unguja tarehe 20 Septemba, 1914. Mahasimu hao sasa wanakaa pamoja kama wazee waliostaafu.

Habari za Königsberg wengi wetu tulizisikia shuleni: jinsi ilivyojificha katika matawi ya mto Rufiji, na jinsi Waingereza walivyoivizia kwa miezi hadi wakaimaliza tarehe 11 Julai, 1915. Lakini lipo jambo moja ambalo aghalabu halitiliwi mkazo, nalo ni njaa. Meli za siku hizo zilikula makaa ya mawe, tena kwa pupa. Königsberg ilipotoka Dar es Salaam mwishoni mwa Julai 1914 kwenda kuwinda meli za biashara za Waingereza, ilifaulu kukamata moja tu, City of Winchester, upande wa Arabuni. Tangu hapo nahodha wake, Max Looff, aliwaza makaa usiku na mchana. Bandari nyingi zenye makaa zilikuwa za Mwingereza, na kule Msumbiji kwa Wareno, Waingereza waliwahi kuyanunua kabla yake. Mwindaji asiye na chakula huishia kichakani.

Wajerumani hawakuisahau njaa hiyo. Miaka 20 baadaye walijenga manowari tatu za kuwinda mbali na nyumbani kwa miezi mingi, bila kubisha hodi katika bandari ya mtu yeyote. Kisa ninachotaka kukueleza leo ni cha moja kati ya hizo tatu, Admiral Graf Spee, na cha nahodha wake.

TANI ELFU KUMI

Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha, washindi waliifunga Ujerumani mikono kwa Mkataba wa Versailles wa 1919. Iliruhusiwa kubaki na manowari kubwa sita tu, zote kuukuu, na ikitaka kujenga mpya badala ya hizo, kila moja isizidi tani 10,000. Wakati huo Uingereza ilikuwa na manowari za tani 30,000 na zaidi. Waandishi wa mkataba waliona kazi imekwisha. Kwa tani 10,000, walifikiri, mtu hujenga meli ya kulinda pwani yake, si ya kutishia dunia.

Wahandisi wa Kijerumani walilitafuna tatizo hilo kwa miaka. Jibu walilopata lilikuwa la kijanja. Kama huwezi kujenga meli ya kupigana na manowari za Mwingereza, jenga ya kuzikimbia, kisha uende ukale meli zake za mizigo. Uingereza ni kisiwa, nawe wajua kisiwa huishi kwa meli. Ngano ya mkate, nyama, chai, sukari, mafuta na sufu, vyote hivyo vilipita baharini. Anayeitikisa njia hiyo anatikisa meza ya chakula ya kila nyumba huko London na Liverpool.

Meli ya kwanza, Deutschland, iliteremshwa majini mwaka wa 1931. Ikafuatwa na Admiral Scheer mwaka wa 1933 na Admiral Graf Spee mwaka wa 1934. Magazeti ya Uingereza yalizibandika jina la "manowari za mfukoni", na jina hilo likashika, ingawa hakuna mfuko ungeweza kuzibeba. Kila moja ilikuwa na mizinga sita mikubwa, mdomo wa kila mzinga ukiwa na upana wa sentimita 28. Mizinga hiyo ilipangwa mitatu mbele na mitatu nyuma. Kombora moja lilikuwa na uzito wa kilo 300, yaani magunia matatu ya mahindi na ziada. Meli yoyote iliyokuwa na mbio za kuifikia Graf Spee haikuwa na mizinga ya kuiweza, na iliyokuwa na mizinga ya kuiweza haikuwa na mbio. Vita vilipoanza mwaka wa 1939, Uingereza nzima ilikuwa na tatu tu zenye vyote viwili: Hood, Renown na Repulse. Bahari ni kubwa sana kwa walinzi watatu.

Ili kupunguza uzito, mabamba mengi ya chuma yaliunganishwa kwa kuchomelewa badala ya kupigwa ribiti. Kazi hiyo leo utaiona Kamukunji kila siku, lakini kwa meli kubwa namna ile, miaka ile, ilikuwa jambo geni. Hata hivyo uzito wenyewe ulivuka mpaka wa mkataba. Ujerumani iliendelea kutamka tani 10,000 bila hata kupepesa macho.

Lakini siri kubwa haikuwa mizinga wala chuma. Ilikuwa tumboni. Badala ya matanuri ya makaa au mvuke, meli hizi ziliendeshwa kwa injini za dizeli, nane katika kila meli. Dizeli hutumia mafuta kidogo kwa safari ndefu. Graf Spee iliweza kwenda karibu kilomita 30,000, yaani robo tatu ya mzunguko wa dunia, kabla ya kuhitaji kujazwa tena. Na ilipohitaji, haikwenda bandarini. Ilikutana na meli yake ya akiba, Altmark, katikati ya bahari mahali palipopangwa, ikanyonya mafuta, ikachukua chakula, ikakabidhi wafungwa, kisha kila moja ikashika njia yake. Njaa ya Königsberg ikawa imepatiwa dawa.

Jina lake lilitoka kwa Maximilian von Spee, kamanda wa kundi la manowari za Ujerumani aliyekufa vitani karibu na visiwa vya Falkland tarehe 8 Desemba, 1914, pamoja na wanawe wawili. Mtu mwenye kuamini mikosi angesema meli isipewe jina la namna hiyo, hasa kama itatumwa kuwinda katika maji yale yale ya kusini.

NAHODHA NA WAFUNGWA WAKE

Graf Spee iliondoka Wilhelmshaven tarehe 21 Agosti, 1939, siku kumi na moja kabla ya Ujerumani kuivamia Poland. Vita vilipotangazwa ilikuwa tayari mbali katika Atlantiki, nao Waingereza hawakuwa na habari. Nahodha wake alikuwa Hans Langsdorff, mwenye umri wa miaka 45. Utotoni alikulia Düsseldorf, jirani na nyumba ya huyo huyo von Spee.

Kwa wiki kadhaa aliamriwa akae kimya, kwa kuwa Hitler alitumaini Uingereza ingekubali kupatana. Ruhusa ilitoka mwishoni mwa Septemba. Tarehe 30 aliizamisha Clement karibu na pwani ya Brazil. Baharia wake waliingia katika mashua, na Langsdorff akafanya jambo ambalo huenda hukulitarajia kutoka kwa ofisa wa Hitler: alituma habari kwa redio mpaka Pernambuco, ili watu wale waje kuokolewa. Kisha Oktoba zikafuata Newton Beech, Ashlea, Huntsman na Trevanion. Huntsman ilikuwa ikitoka India, na wengi wa mabaharia wake walikuwa Wahindi, watu waliotafuta riziki katika meli za wengine na kujikuta wafungwa wa vita visivyokuwa vyao.

Hila zake zilikuwa nyingi. Mara alipeperusha bendera ya Ufaransa hadi akawa karibu na windo. Mara aliandika jina la Admiral Scheer nyuma ya meli yake, hivi kwamba walionusurika waliapa wameiona Scheer. Baadaye alisimamisha bomba bandia la moshi na mnara bandia wa mizinga, ili kwa mbali manowari yake ifanane na ya Mwingereza.

Mnamo Novemba alizunguka mbali kusini mwa Rasi ya Tumaini Jema na kuingia katika Bahari ya Hindi, yaani bahari yetu. Tarehe 15 alikamata meli ndogo ya mafuta, Africa Shell, yenye tani 706 tu, karibu na pwani ya Msumbiji. Ilikuwa ikielekea Lourenço Marques, mji ambao leo ni Maputo. Mabaharia wake walipiga makasia hadi nchi kavu. Nahodha wao, Patrick Dove, alichukuliwa mfungwa huku akilalamika kwa sauti kubwa kwamba alikuwa ndani ya maji ya Wareno, na kwamba Wajerumani hawakuwa na haki hata kidogo ya kumgusa. Langsdorff alimsikiliza kwa adabu. Hakumwachilia.

Kumzamishia Mwingereza kijimeli cha tani 706 hakukuwa ushindi wa kujivunia. Langsdorff mwenyewe alilijua hilo. Alichotaka ni kuonekana. Waingereza na Wafaransa walikuwa wametoa meli za kivita zaidi ya 20, zikigawanywa makundi makundi, kumsaka baharini kote. Alipoonekana Msumbiji, macho yakageukia Bahari ya Hindi. Naye akageuza kichwa, akarudi Atlantiki.

Huko alizamisha Doric Star tarehe 2 Desemba, Tairoa siku iliyofuata, na Streonshalh tarehe 7, ikiwa na shehena ya ngano ya Argentina. Jumla zikawa meli tisa, tani 50,000 hivi. Na katika meli hizo tisa, hakufa baharia hata mmoja. Wafungwa waliokaa naye, akiwemo yule Dove mwenye manung'uniko, walimsifu baada ya kuachiliwa. Simfanyi malaika, kwani alikuwa akiutumikia utawala ambao uovu wake dunia nzima inaujua. Lakini katika vita ambavyo vingekuja kuua mamilioni, hesabu hiyo ya sifuri inastahili kutajwa.

ASUBUHI YA DESEMBA 13

Doric Star ilikuwa imekufa ikipiga kelele. Kabla ya kunyamazishwa, mtambo wake wa redio ulituma ishara iliyokubaliwa ya meli inayoshambuliwa, pamoja na mahali ilipo. Tairoa nayo ikafanya hivyo. Ishara hizo zilimfikia Henry Harwood, kamanda wa kikosi cha Waingereza kando ya Amerika Kusini. Harwood alichukua ramani na kujiuliza: ningekuwa mimi ndiye yule Mjerumani, nikiwa na kasi ile, ningekwenda wapi? Alipiga hesabu kwamba adui angeweza kufika mdomo wa mto Plate, kati ya Argentina na Uruguay, ambako meli za nyama na ngano hujazana, mnamo tarehe 12 jioni au 13 asubuhi. Akakusanya meli zake tatu hapo, akangoja.

Saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi ya tarehe 13, moshi ulionekana.

Kwa upande wa Graf Spee, injini zilikuwa zimechoka baada ya karibu miezi minne baharini, na mpango ulikuwa kurejea nyumbani. Ndege yake ndogo ya upelelezi ilikuwa imeharibika siku mbili tu kabla. Langsdorff alipoona milingoti kwa mbali, alidhani ni meli moja ya kivita na mbili ndogo zinazosindikiza msafara wa mizigo. Maagizo yake yalikuwa wazi: akwepe manowari. Badala yake alizifuata. Alipotambua kwamba zile "ndogo" mbili ni manowari kamili, Ajax na Achilles, na ya tatu ni Exeter, ilikuwa kuchelewa.

Harwood aligawa kikosi chake. Exeter, iliyokuwa na mizinga mikubwa kidogo, ikapita upande mmoja, na zile mbili upande mwingine. Hapa ndipo ulipoonekana udhaifu wa meli iliyojengwa kwa tani za kubana: mizinga sita mikubwa tu, katika minara miwili tu. Ukiielekeza yote kwa adui mmoja, mwingine anakusogelea. Ukiigawa, nguvu inapungua nusu.

Exeter iliumia vibaya sana. Kombora moja lilipiga mnara wa mizinga na kuwaua karibu wote waliosimama katika daraja la uongozi. Nahodha wake, Bell, ingawa alijeruhiwa, alikwenda nyuma ya meli akaiongoza kwa dira ndogo ya mashua, amri zake zikipokezanwa kwa midomo kutoka mtu hadi mtu mpaka kwa washika usukani. Mwishowe, mizinga ikiwa imenyamaza na maji yakiingia, ilijitoa. Watu 61 walikuwa wamekufa. Ajax ilipoteza saba. Achilles, ambayo wengi wa mabaharia wake walikuwa vijana wa New Zealand, ilipoteza wanne.

Graf Spee ilipoteza watu 36. Langsdorff mwenyewe alijeruhiwa. Kombora zipatazo 20 zilikuwa zimeipiga, nyingi ndogo, na kwa kuitazama kwa mbali ungesema haina neno. Injini zilikuwa nzima na mizinga ilikuwa nzima.

Lakini dizeli iliyobebwa katika meli ile haikuweza kuingia kwenye injini hivi hivi. Ilikuwa nzito na chafu, ikabidi ipashwe moto na kusafishwa kwanza. Muulize dereva yeyote wa matatu ya dizeli mafuta machafu yanavyoifanya injini. Mtambo wa kuyasafisha ulitegemea chumba cha mvuke kilichokuwa juu, nje ya ile deraya nene iliyokinga injini. Kombora lilikipata. Mafuta safi yaliyobaki yalitosha kwa saa 16 hivi. Jikoni nako kulikuwa kumeharibiwa, mtambo wa maji ya kunywa vilevile, na mbeleni kulikuwa na shimo ambalo lisingeweza kuhimili mawimbi ya baridi ya Atlantiki ya kaskazini.

Matangi yalikuwa bado na mafuta, ila hayakuweza kutumika. Meli iliyobuniwa isihitaji bandari ikalazimika kuitafuta bandari iliyo karibu. Usiku ule ule, zile mbili zikiifuata kwa mbali kama mbwa wafuatao nyati aliyejeruhiwa, Graf Spee iliingia Montevideo.

SAA 72

Uruguay haikuwa na upande katika vita. Sheria ya mataifa iliipa manowari ya nchi inayopigana saa 24 katika bandari kama hiyo, au zaidi kidogo kama ina ubovu wa kurekebishwa. Wajerumani waliomba majuma mawili. Waziri wa mambo ya nje wa Uruguay, Alberto Guani, alitoa saa 72, basi.

Wafungwa, kama 60, waliachiliwa. Maiti zilizikwa tarehe 15. Katika mazishi hayo ilipigwa picha ambayo ingali inazungumziwa. Watu wengi waliozunguka kaburi, hata padri, wameinua mkono kwa saluti ya Kinazi. Langsdorff peke yake, au karibu peke yake, ameweka mkono kwenye kofia, saluti ya kawaida ya baharia.

Huku nje, Waingereza walikuwa wakicheza karata. Kweli ya mambo ni kwamba msaada uliofika kutoka Falkland ulikuwa meli moja tu, Cumberland. Renown na meli kubwa ya ndege, Ark Royal, zilikuwa mbali mno. Lakini kila mtu Montevideo alianza kusikia kwamba zimekwisha kufika. Waingereza hata waliagiza mafuta mengi katika bandari ya Argentina, Bahía Blanca, kwa ajili ya meli ambazo hazikuwa zinakuja, na wakahakikisha oda hiyo inasikika. Tazama mchezo wa dunia: mafuta yasiyosafishwa yaliileta Graf Spee bandarini, na mafuta ya uongo yakaifungia humo. Walitumia vilevile kanuni moja ya sheria. Manowari haikuruhusiwa kung'oa nanga kabla ya saa 24 kupita tangu meli ya biashara ya adui itoke. Basi Waingereza wakaanza kuzitoa meli zao za mizigo ili kumchelewesha hadi msaada wa kweli ufike. Ofisa mmoja wa Graf Spee akasema ameiona Renown kwa darubini.

Jiweke sasa katika viatu vya Langsdorff. Ana zaidi ya watu 1,000, wengi vijana wadogo. Zaidi ya nusu ya makombora makubwa yamekwisha. Nyuma yake saa zinahesabiwa, na mbele yake, kwa kadiri anavyojua, anangojwa na manowari zinazomshinda kwa kila kitu. Aliuliza Berlin. Jibu lilisema asikubali meli ifungiwe Uruguay. Apigane atoke kama inawezekana, na kama haiwezekani, aizamishe mwenyewe.

Jioni ya Jumapili, tarehe 17 Desemba, 1939, maelfu kwa maelfu ya watu walijaa ufuoni Montevideo kuangalia vita. Mtangazaji mmoja wa redio wa Kimarekani alikuwa akieleza moja kwa moja kwa wasikilizaji wa nchi yake. Wengi wa wanamaji walikuwa wamehamishwa kimya kimya hadi meli ya mizigo ya Kijerumani, Tacoma. Graf Spee ilitoka polepole ikiwa na watu wachache tu, ikafika nje kidogo ya bandari, ikasimama. Hao wachache wakateremka. Muda mfupi kabla ya saa mbili usiku, jua likizama, ililipuka, na moto wake uliendelea kuwaka kwa siku.

Langsdorff na watu wake walivuka hadi Buenos Aires. Alikuwa akitumaini Argentina ingewatendea kama mabaharia waliovunjikiwa na meli, lakini waliambiwa watazuiliwa hadi vita viishe. Alihakikisha kila mtu amepata mahali. Kisha, usiku wa tarehe 19, akaandika barua kwa mkewe, kwa wazazi wake na kwa balozi wa Ujerumani. Kwa balozi alieleza kwamba nahodha mwenye heshima hawezi kutenganisha maisha yake na ya meli yake, na kwamba lawama zote ni zake. Asubuhi walimkuta amejipiga risasi, amelala juu ya bendera ya jeshi la wanamaji. Alizikwa katika makaburi ya Chacarita, na miongoni mwa waliomsindikiza walikuwepo Waingereza.

Berlin haikufurahi. Hitler alikasirika, na mkuu wa jeshi la majini, Raeder, akatoa amri kwamba tangu siku hiyo manowari ya Ujerumani ipigane hadi kombora la mwisho, ama ishinde, ama izame bendera ikipepea. Amri ilitiiwa. Mei 1941 manowari kubwa Bismarck, nayo ikiwa imetumwa kuwinda meli za mizigo, ilizungukwa na Waingereza na kupigana hadi mwisho. Ilikuwa na watu zaidi ya 2,200. Waliookolewa hawakufika 120. Mtu asiniambie kwamba uamuzi wa Montevideo ulikuwa woga.

Dada wawili wa Graf Spee walikuwa na mwisho usio na makuu. Deutschland ilibadilishwa jina ikawa Lützow, kwa kuwa Hitler aliogopa aibu ya meli iitwayo "Ujerumani" kuzama. Scheer ndiyo iliyofanikiwa kuliko zote. Februari 1941 ilikuwa huku kwetu, kaskazini mwa Madagaska, ikikamata na kuzamisha meli, na iliporejea Ujerumani tarehe 1 Aprili mwaka huo ilikuwa imemaliza meli 17. Baadaye ilipinduliwa na mabomu ya ndege bandarini Kiel, Aprili 1945, na sehemu yake ikafukiwa chini ya kifusi.

Mabaki ya Graf Spee yangali katika tope la mto Plate. Mwaka wa 2006 wapiga mbizi walitoa tai mkubwa wa shaba aliyekuwa nyuma ya meli, ameshika alama ya Kinazi kwa kucha, na kesi za nani mwenye tai huyo zikachukua miaka mingi. Mwaka wa 2023 Rais wa Uruguay, Luis Lacalle Pou, alitangaza kwamba tai huyo atayeyushwa na kufinyangwa awe njiwa wa amani. Wananchi wakapiga kelele kwamba historia haiyeyushwi, na baada ya siku chache mpango ukaachwa.

Na wale vijana zaidi ya 1,000? Wengi walikaa Argentina muda wote wa vita. Walijifunza Kihispania, wakafanya kazi, baadhi wakaoa na kupata watoto. Februari 1946 waliamriwa warudi Ujerumani, na wengine wao walipofika huko walianza mara moja kutafuta njia ya kurejea Argentina kwa wake zao. Meli iliyowabeba iliitwa Highland Monarch. Manowari ya Kiingereza iliyopewa kazi ya kuisindikiza njiani ilikuwa Ajax.